John Milne: Aliyeitegea sikio dunia nzima

USIKU ule wa Februari 1994 nilikuwa nimelala nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Saa nane ilikuwa imekwishapita. Kitanda kilianza kutembea, vyombo vikalia jikoni, na kabla sijajua kama naota au niko macho, mama alikuwa amekwisha kututoa sote nje.

Mama hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alfajiri ya Machi 20, 1966, tetemeko kubwa lilipiga eneo hilihili la Toro, likaua watu zaidi ya 100 na kubomoa maelfu ya nyumba. Yeye alikuwa msichana wakati huo, na tangu siku ile hakuwahi kulala bila kujua mlango uko upande gani.

Tulikesha kwenye migomba, tukisikiliza ardhi ikinguruma na kutulia, ikinguruma tena na kutulia. Jioni yake jirani yetu mwenye redio alikuja na habari. Redio ya ng'ambo ilikuwa imetangaza kwamba tetemeko limetokea magharibi mwa Uganda, na ikataja nguvu yake kwa kipimo cha Richter.

Mama akauliza swali ambalo nilishindwa kulijibu. Kijijini kwetu hapakuwa na simu. Hakuna mwandishi wa habari aliyekuwa amefika. Sasa hao walio ng'ambo wameambiwa na nani?

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuingia katika kazi hii ya kuandika magazetini, nililifuata jibu la swali lile. Lilinifikisha kwa Mwingereza mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Toro. Jina lake ni John Milne.

Milne alizaliwa Liverpool, Desemba 30, 1850, akiwa mtoto wa pekee wa wazazi wake. Alisoma King's College mjini London, kisha akaingia Chuo cha Kifalme cha Migodi. Alitoka huko akiwa mhandisi wa migodi, na kwa kweli hakuwa na habari kubwa na matetemeko.

Alikuwa kijana asiyetulia. Alifanya kazi ya kutafuta madini Newfoundland na Labrador, kwenye baridi ya Amerika Kaskazini. Mwaka 1874 aliungana na msafara wa Dk Charles Beke uliokwenda kaskazini-magharibi mwa Arabuni kuutafuta Mlima Sinai.

Mwaka 1875 ndipo ilipomjia nafasi iliyobadili maisha yake. Japani ilikuwa imefungua milango yake kwa dunia miongo miwili hivi kabla, na serikali ya Mfalme Meiji ilikuwa ikiajiri walimu kutoka Ulaya na Marekani. Milne, akiwa na umri wa miaka 24, alipewa kazi ya uprofesa wa madini na jiolojia katika Chuo cha Kifalme cha Uhandisi, Tokyo.

Wenzake walikwenda kwa meli. Milne, ambaye bahari ilimsumbua sana tumbo, aliamua kupita nchi kavu. Aliondoka Agosti 1875, akaikata Urusi yote, Siberia katika majira ya baridi, Mongolia na China, mara kwa gari la farasi, mara kwa ngamia. Alifika Tokyo Machi 1876. Inasimuliwa kwamba usiku wake wa kwanza mjini humo ardhi ilitikisika, kana kwamba inamkaribisha.

Kwa miaka minne ya mwanzo matetemeko yalikuwa kwake jambo la pembeni. Alifundisha madini, akapanda milima ya volkano, akachimbua mabaki ya watu wa kale. Kisha ikaja Februari 22, 1880. Tetemeko lilipiga Yokohama, likaangusha mabomba ya moshi na kupasua kuta za nyumba za wageni.

Halikuwa kubwa kama mengine ambayo Wajapani walikuwa wameyaona, lakini liliwashtua maprofesa wa kigeni. Milne aliitisha mkutano, na mwaka huohuo kikaundwa Chama cha Matetemeko cha Japani. Kilikuwa chama cha kwanza cha aina hiyo duniani.

Tatizo lao la kwanza lilikuwa vyombo. Namna gani utapima mtikisiko wa ardhi, ilhali wewe, meza yako na mashine yako mnatikisika pamoja nayo? Unahitaji kitu kinachobaki mahali pake wakati kila kitu kingine kinasogea.

Milne akishirikiana na Waskoti wawili, James Alfred Ewing na Thomas Gray, walilipata jibu katika kitu kizito kinachoning'inia. Ardhi inapoyumba, kitu hicho huchelewa kuifuata. Ukikiwekea kalamu na karatasi inayotembea kwa saa, tofauti kati ya kinachoyumba na kinachochelewa huandikwa yenyewe. Hiyo ndiyo seismografu. Baadaye wenyewe walivutana kuhusu nani anastahili sifa kwa kipi, kama wanadamu wafanyavyo, lakini kazi ilikuwa imeanza.

Lakini mashine zilikuwa chache na Japani ni visiwa virefu. Hapo Milne alitumia mbinu ambayo mimi naiona ndiyo ufunguo wa maisha yake yote.

Alichukua mafungu ya kadi za posta, akayapeleka katika ofisi za serikali kwenye miji yote mikubwa iliyo ndani ya maili 100 kutoka Tokyo. Aliwaomba maofisa jambo dogo tu. Kila wiki watume kadi moja, waandike matetemeko mangapi wameyahisi.

Kadi zikaanza kumiminika. Kadi moja haina maana yoyote. Inasema tu kwamba ofisa fulani alitikisika Jumanne. Lakini kadi nyingi zikipangwa juu ya ramani zinaonyesha tetemeko lilitokea wapi, limeenea hadi wapi, na ni pande zipi za nchi zinazosumbuliwa kuliko nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na Milne alikijaza. Orodha aliyoichapisha mwaka 1895 ilikuwa na matetemeko 8,331 yaliyotokea Japani kati ya 1885 na 1892 peke yake.

Japani ilimpa pia mke. Mwaka 1881 alimwoa Tone Horikawa, binti wa mkuu wa hekalu la Kibuddha mjini Hakodate, kaskazini mwa nchi. Enzi hizo ndoa ya namna hiyo ilikuwa na wa kuishangaa pande zote mbili. Waliishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha.

Oktoba 28, 1891, asubuhi, ukaja mtihani mkubwa. Wilaya za Mino na Owari, katikati ya Japani, zilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa karibu 8. Watu zaidi ya 7,000 walikufa. Ardhi ilipasuka ufa mrefu uliokatiza mashamba na barabara, na mahali pengine upande mmoja ukapanda juu ya mwingine kwa mita kadhaa.

Milne alikwenda kuona kwa macho yake. Aliyoyakuta yalimkaa moyoni. Majengo mapya ya matofali yaliyojengwa kwa mtindo wa Ulaya, ambayo watu waliyaona ndiyo maendeleo, yalikuwa yamelala chini. Daraja la reli la Mto Nagara, la chuma, lilikuwa limeanguka.

Tangu hapo hakuchoka kuwakumbusha wahandisi kwamba ardhi ikitikisika mtu aliye uwanjani huinuka akajipangusa vumbi. Kinachoua ni nyumba. Mwaka uliofuata serikali ya Japani iliunda kamati ya kuchunguza matetemeko, na Milne alikuwa mmoja wa watu wake.

Wakati hayo yakitokea, habari ya ajabu ilikuwa imetoka Ujerumani. Mnajimu kijana, Ernst von Rebeur-Paschwitz, alikuwa na chombo chepesi sana mjini Potsdam, alichokitumia kupima jinsi ardhi inavyoinama kidogo kwa mvuto wa mwezi. Aprili 1889 chombo chake kilichora mchoro asiouelewa. Baadaye alisoma gazetini kwamba saa hizohizo Tokyo ilikuwa imetikisika. Alipopiga hesabu, aligundua kwamba ameunasa mtikisiko uliosafiri kutoka Japani hadi Ujerumani kupitia tumboni mwa dunia.

Milne alikuwa amebashiri jambo hilo tangu 1883, kwamba tetemeko kubwa lolote linaweza kunaswa popote duniani mradi kuwe na mashine nzuri. Sasa ushahidi ulikuwapo. Rebeur-Paschwitz alipendekeza uwekwe mtandao wa vituo kote duniani, lakini kifua kikuu kilimuua mwaka 1895 akiwa na miaka 34 tu.

Mwaka huo haukuwa mwema kwa Milne pia. Februari 17, 1895, nyumba yake Tokyo iliungua. Mashine, vitabu na maandishi ya karibu miaka 20 vikateketea. Msomaji, jiulize wewe ungefanya nini katika umri wa miaka 44. Wengi wetu tungekaa chini.

Milne alifunga mizigo iliyobaki, akaagwa kwa heshima na Mfalme Meiji, akarudi Uingereza pamoja na Tone na msaidizi wake Mjapani, Shinobu Hirota. Hakwenda London kutafuta ukubwa. Alikaa katika Kisiwa cha Wight, kwenye kijiji cha Shide karibu na mji wa Newport, akaanza upya.

Akiungwa mkono na Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi, alibuni mashine moja rahisi. Ilikuwa na fimbo nyepesi iliyolala kama geti kwenye bawaba. Juu yake taa, chini yake karatasi ya picha iliyovutwa polepole na saa. Siku tulivu karatasi ilionyesha mstari mwembamba. Dunia ikitikisika popote, mstari ulivimba.

Uzuri wa mashine hiyo haukuwa katika ustadi. Wajerumani na Warusi walitengeneza bora zaidi miaka hiyohiyo, na ile ya Milne ilikuwa na kasoro: fimbo ikishaanza kuyumba iliendelea kuyumba yenyewe, ikawa vigumu kusoma sawasawa wimbi lilipoanza na lilipokwisha. Uzuri wake ni kwamba zote zilikuwa za aina moja, na mtu yeyote mwangalifu angeweza kuitunza. Milne aliona kuwa mashine 30 za kawaida zinazosomwa kwa namna moja zinajua mengi kuliko mashine moja ya ajabu.

Akaanza kuzisambaza. Zilikwenda Kanada, India, Australia, New Zealand na visiwa vya baharini. Meli ya Discovery ya Kapteni Scott iliipeleka moja hadi Antaktika katika safari ya 1901 hadi 1904. Kufikia kifo chake vituo vilikuwa kama 40. Walinzi wake walikuwa watu wa vituo vya hali ya hewa na wapima nyota, waliobadili karatasi, wakaangalia saa, na kuposti takwimu zao Shide.

Kumbuka zile kadi za posta za Tokyo. Ni mbinu ileile, ila sasa ofisi za mikoa zimekuwa mabara. Kila mara Milne alichapa waraka wenye hesabu za vituo vyote, akaurudisha kwa wote waliochangia.

Hesabu yenyewe si ya uchawi. Tetemeko hutoa mawimbi yanayokimbia na mengine yanayochelewa. Ni kama umeme na ngurumo: kadiri muda kati yake unavyokuwa mrefu, ndivyo radi ilivyo mbali. Kituo kimoja kinajua umbali tu. Vituo vitatu vikichora kila kimoja duara lake juu ya tufe la dunia, maduara hayo hukutana mahali pamoja. Hapo ndipo ardhi ilipovunjika.

Kwa njia hiyo nyumba ya Shide ikawa mahali ambapo habari za maafa zilifika kabla ya simu ya upepo na ya waya. Tetemeko lililoibomoa San Francisco, Aprili 18, 1906, lilijichora kwenye karatasi za mzee huyo kisiwani. Nyaya za simu zilizopita chini ya bahari zilipokatika, na serikali zikahofia adui, Milne aliweza kuonyesha kwamba mara nyingine aliyezikata ni sakafu ya bahari iliyoporomoka.

Na faida haikuishia hapo. Mwaka huohuo wa 1906 Richard Dixon Oldham, kwa kulinganisha mawimbi yaliyonaswa na vituo vya mbali, alionyesha kwamba dunia ina kiini tofauti na sehemu nyingine. Hakuna aliyewahi kuchimba hadi huko. Matetemeko yenyewe ndiyo yaliyosema.

Sisi tulikuwa wapi? Nilipoitazama orodha ya vituo vya Milne barani Afrika nilikuta Cairo upande wa kaskazini, Cape Town upande wa kusini, na Mauritius baharini. Katikati, kwenye Bonde la Ufa ambako ardhi hutanuka na kutetemeka tangu zamani, mtandao wake haukufika.

Desemba 13, 1910, eneo la Rukwa, kusini mwa Ziwa Tanganyika, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Mashine zilizolipima zilikuwa mbali, katika nchi za watu. Waliolihisi hawakuwa na pa kuandika.

Milne alifariki Shide, Julai 31, 1913, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na umri wa miaka 62. Alizikwa Newport. Tone, ambaye hali ya hewa ya kisiwa kile haikumpenda, alirudi Hakodate baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kumalizia siku zake huko.

Kazi haikufa naye. Profesa Herbert Hall Turner wa Oxford aliichukua, na kutoka mikononi mwake ikazaliwa orodha ya kimataifa ya matetemeko, ambayo tangu 1964 inaendelezwa na Kituo cha Kimataifa cha Seismolojia, kilichopo Uingereza.

Katika miaka ya 1960 Marekani, ikitaka pia kujua nani analipua bomu la nyuklia chini ya ardhi, ilisambaza mashine za aina moja katika nchi nyingi, na Nairobi na Addis Ababa zikapata zake. Leo mtandao wa dunia una vituo zaidi ya 150 vinavyotuma mitikisiko kwa setilaiti na intaneti, kimoja kikiwa Mbarara hapa Uganda na kingine Kilima Mbogo nchini Kenya. Kadi ya posta iliyokuwa ikichukua wiki sasa inafika kwa sekunde.

Lakini kujua peke yake hakutoshi. Desemba 26, 2004, vituo vya dunia nzima vilinasa tetemeko la Sumatra katika dakika chache. Mawimbi ya tsunami yalichukua saa kadhaa kuvuka hadi pwani ya Afrika Mashariki, na bado watu karibu 300 walikufa Somalia, wengine Tanzania na Kenya. Mashine zilisema. Hapakuwa na utaratibu wa kumfikishia habari mvuvi aliye ufukweni. Ni baada ya msiba huo ndipo nchi za Bahari ya Hindi zilipojiundia mfumo wa tahadhari.

Siku moja nilimweleza mama habari hizi zote. Nilimwambia kwamba usiku ule wa 1994 hakuna aliyewapigia simu watu wa ng'ambo. Ni ardhi yetu yenyewe iliyowafikia, ikipita chini ya miguu ya mataifa yote, na mashine zikaisoma. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: kama wanajua yote hayo, kwa nini hawatuambii kabla halijaja?

Ilinibidi nikiri kwamba hakuna ajuaye. Milne alilitafuta jibu hilo Japani akalikosa, na mpaka leo hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Kinachojulikana ni mahali ambapo litarudi, kwa sababu kila mtikisiko uliosomwa huongeza nukta kwenye ramani, na ramani ya kwetu imejaa nukta: Subukia nchini Kenya 1928, Toro 1966, Bukavu na kusini-magharibi mwa Rwanda 2008, Kagera nchini Tanzania 2016.

Mama hakubishana. Nyumba tuliyoikimbia 1994 ilikuwa na ufa tangu siku ile, nasi tulikuwa tumeuziba kwa udongo na kuupaka chokaa. Mwaka uliofuata mazungumzo yetu aliniagiza nipeleke fundi. Alitaka ukuta ule ubomolewe, ujengwe upya, na uzungushiwe mkanda wa zege wenye nondo pande zote nne. Fundi alilalamika kwamba gharama ni kubwa kwa nyumba ya kijijini. Mama alimwambia aendelee kuchanganya saruji.